Viraka vya Bustani ya Matombo

Siku mliyoniaga pale karakanani Mji Mpya mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba sasa nimestaafu ndiyo nitaanza kuwahi. Nawashukuru. Imetundikwa jikoni, na mke wangu anaitumia kupimia maharage yasiungue. Katika hotuba zenu mlitaja vyeti na safari za nje, kisha mmoja wenu akasema mimi nilizaliwa mchoraji. Hapo ndipo nilipoamua kuchukua daftari hili. Mimi nilizaliwa Gairo, kwa wakulima wa karanga, mahali ambapo mvua zikishakatika kila kitu kinakuwa na rangi ya gunia. Uchoraji nilifundishwa ukubwani, tena kwa taabu, na nyinyi mnaobaki na brashi inafaa mjue ilikuwaje.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika kiwanda cha nguo cha umma, Morogoro mjini, chumba cha rangi. Nilidhani nitabeba mizigo. Msimamizi wa chumba kile alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Bi Zuhura, mzaliwa wa mjini hapohapo, mwembamba, mtandio umefungwa vizuri, na mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Ukuta ule una rangi gani?"

"Mweupe."

"Angalia tena."

Akaendelea na kazi zake. Nilisimama pale asubuhi nzima nikiutazama ukuta, huku wenzangu wakipita na ndoo na kucheka chinichini. Ilipokaribia saa ya chakula nilianza kuona kwamba chini kuna ukijivu, karibu na dirisha kuna unjano kidogo, na mahali palipoelekeana na mapipa ya nyekundu ukuta wenyewe umekuwa kama umeona haya. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Haya, nenda kale," akasema. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kawaida kabisa: mizani ya sahani mbili, miko ya mbao, chupa za sampuli zilizobandikwa namba, na kijiko kimoja cha pembe ambacho alikishika Bi Zuhura peke yake. Rangi ilipikwa ikawa kama uji mzito, ndipo ikapakwa kwenye kitambaa, rangi moja baada ya nyingine. Nyekundu inapita kwanza, njano inafuata, kijani mwisho. Ikiwa kijani kitateleza upana wa kidole tu, jani linatoka nje ya ua lake na jora zima la kitambaa linakuwa matambara ya kupigia deki. Kwa hiyo jambo tuliloimbiwa kila siku lilikuwa moja: kila kiraka cha rangi kina mahali pake, usikihamishe. Niliimbiwa sana hata nikawa naota viraka.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa kijani. Tulikuwa na oda ya kitenge chenye majani, na kila kijani tulichochanganya kilikuwa kizuri kikiwa kibichi, kikishakauka kinakuwa kama rangi ya mlango wa ofisi. Tulijaribu juma zima. Bi Zuhura akanipa ruhusa ya siku mbili. "Nenda shamba ukatazame kijani. Humu ndani tumeshapofuka."

Nilikuwa nimemwoa Paulina muda si mrefu, binti wa Matombo, kwa hiyo nikaenda kwao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa bustanini kwa mama yake kutwa nzima bila kuhimizwa kula. Bustani ile ilishuka ubavuni mwa mlima kwa ngazi saba, ya mwisho ikigusa kijito. Juu kabisa kulikuwa na mdalasini mkubwa aliopanda bibi yake Paulina. Chini ya mdalasini palikuwa na migomba, kisha mananasi, maharage yaliyopanda juu ya vijiti, pilipili manga iliyojiviringisha kwenye mti wa mfenesi, na kule chini kwenye unyevu, majimbi yenye majani makubwa kama masinia. Mtu wa Gairo akiona vile anaweza kudhani anadanganywa.

Nilichuma majani aina kumi na mbili, nikayafunga kwenye kitambaa kibichi, nikasafiri nayo nyuma ya pikapu kwenye ile barabara mnayoijua. Yalifika yamenyauka yote. Bi Zuhura alifungua kile kitambaa akacheka mpaka akakaa.

"Umeniletea mboga, Daudi. Mimi sikukutuma majani. Fumba macho. Umebakiwa na nini?"

Nikafumba. Nilishangaa kwamba kilichobaki hakikuwa jani hata moja. Palikuwa na pande kubwa la kijani, na pembeni yake udongo mwekundu uliolowa. Nikamwambia. Akachota nyekundu kwa ncha ya kile kijiko cha pembe, tone moja, akalitia katika kijani chetu na kukoroga. Kijani kilichokuwa kikipiga kelele kikatulia. Kilipokauka, kilikuwa hai. Tangu siku ile kila nilipoenda Matombo nilikuwa nakaa ngazi moja, natazama, nafumba macho, naandika kilichobaki. Wakwe zangu waliamini kwamba kazi za kiwandani zinachosha sana.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango. Mnaosoma haya wengi mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mnavaa mitumba bila kujua. Marobota ya mitumba yalianza kushushwa sokoni, mashati mazuri ya watu wa mbali yenye majina yasiyosomeka, na mtu angepata matatu kwa bei ya doti letu. Sikuwalaumu wanunuzi, maana hata mimi nilinunua koti. Kiwandani mashine zilianza kupumzika siku moja kwa juma, kisha tatu. Wageni wenye suti walikuja kupima majengo. Kuna ukimya fulani wa kiwanda ambao mtu aliyezoea kelele zake hawezi kuuvumilia. Tulikuwa tunaongea kwa sauti kubwa kama zamani, halafu tunashtuka.

Siku ya mwisho nilimkuta Bi Zuhura anaosha miko yote, chupa zote, kimoja baada ya kingine.

"Unaosha ya nini, Bi Zuhura? Si wanafunga?"

"Naosha kwa sababu ni michafu."

Nikachukua tambara nikaanza kukausha. Meneja alituruhusu kuchukua mabaki ya rangi, na yeye akanigawia fungu lake. Alisema hajui atafanyia nini buluu akiwa nyumbani, ya mikononi inamtosha.

Tulihamia Matombo, mimi na Paulina na binti yetu Koleta. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, na ukoo ulikuwa umemkabidhi Paulina bustani, kama ilivyo desturi ya Waluguru kwamba ardhi inafuata upande wa mama. Mimi pale nilikuwa mume wa mwenye shamba, cheo ambacho hakina majukumu mengi. Ili tule, nilichora vibao. Biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mtu alikuwa na duka, na kila duka lilitaka kibao. Nilichora kuku wa kukaanga, mitindo ya nywele, viatu, soda. Nilikuwa naenda mpaka Dumila, pale njia panda, ambako magari ya Dodoma yanasimama kununua nyanya na vitunguu, na kila aliyekuwa na benchi na sufuria alikuwa ameshaita mahali pake hoteli.

Nyumbani nilianza kuchora vingine. Nilikuwa nakata turubai kuukuu, naipaka uji wa unga wa muhogo ishike rangi, nakaa bustanini kwenye ngazi moja, saa ileile kila siku. Sikuchora jani. Nilichora kilichobaki nikifumba macho: vipande vya rangi, vikubwa na vidogo, kila kimoja mahali pake. Wanakijiji walikuwa wastaarabu. Walisimama, wakatazama, wakaniuliza kama nitamalizia lini. Paulina hakuuliza hata hilo. Swali lake lilikuwa moja tu, "Zimekauka?" kwa sababu zilikuwa zinaziba njia ya kuingilia chumbani.

Kilichobadili maisha yangu ni kibao cha fundi pancha. Bwana Seif wa Dumila aliniomba nimchoree tairi. Nilichora tairi, lakini nyuma yake, badala ya nyeupe, nikaweka bustani ya asubuhi, viraka vya kijani na zambarau na mstari wa nyekundu. Seif alikitazama kibao kwa huzuni.

"Mzee mwenzangu, tairi nimeliona. Haya mengine ni ajali?"

"Ni mapambo."

"Basi sawa. Watu watajua kwamba hapa panazibwa kila kitu."

Wiki mbili baadaye gari moja lilipata pancha pale. Ndani alikuwamo mama mmoja mwenye duka la sanaa Dar es Salaam, nimwite Mama Hilda. Alikaa mbele ya kibao kile muda wote tairi likizibwa, kisha akauliza kimechorwa na nani. Seif alidhani amekuja kudai, akasema hanijui. Ilibidi Mama Hilda amwapie kwamba hadai kitu.

Mama Hilda alifika Matombo kwa gari lililokuwa limegongwa na kila jiwe la njiani. Alizitazama picha zangu zote, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeshakutana na wenye maduka kabla yake. Hao walitaka twiga, na Mmasai amesimama kwa mguu mmoja, na niliwachorea, sitaki mfikiri nilikuwa mtakatifu. Huyu aliuliza, "Una ngapi za namna hii?" Nikasema saba. "Zifike kumi na mbili. Nitakufanyia maonyesho, wewe peke yako. Usiongeze twiga."

Nilifanya kazi miezi mitano kama mwenda wazimu. Nilimaliza bustani nzima, ngazi zote saba, nyingine asubuhi, nyingine jioni. Mama Hilda alituma barua kwenye sanduku la posta la misheni: lori litakuja kuzichukua, kadi za mwaliko zimeshasambazwa. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na nilikuwa naificha vibaya.

Kisha ikanyesha. Ilinyesha siku nne bila kukatika, na siku ya tano, mchana, tukiwa tunakula, tulisikia mlima ukikohoa. Siwezi kuelezea kwa neno jingine. Tulipotoka nje bustani haikuwepo. Mdalasini ulikuwa umelala kichwa chini kijitoni. Ngazi zote saba zilikuwa zimekuwa mteremko mmoja wa tope, laini, jekundu, kama mtu amepitisha mkono. Nyumba ilisalia kwa hatua ishirini.

Paulina hakulia. Alikaa kwenye kizingiti akitazama pale siku nzima, na siku ya pili. Mjomba wake, Mzee Benedikto, ndiye mkubwa wa ukoo, alikuja na wazee wawili.

"Mama, tumshukuru Mungu mko hai," alimwambia. "Hapa pamekufa. Tutakutafutia kipande kule chini, bondeni."

"Mjomba, hapa nimekabidhiwa."

"Ulikabidhiwa bustani. Hii siyo bustani. Utapanda wapi? Mpaka wako na dada zako unaujua ulikuwa wapi? Mfereji ulipita wapi? Mimi mwenyewe sijui nimesimama kwenye migomba au kwenye mananasi." Akamwonea huruma, akaongeza, "Mvua zijazo zikikuta pana ngazi na kitu kimepandwa, pako. Zikikuta hivi, ukoo utapahesabu ni pori."

Walipoondoka, Paulina aliingia chumbani kutafuta nguo kavu. Akakawia. Nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti mbele ya picha zangu, ameziegemeza ukutani zote, nguo ziko mkononi.

"Baba Koleta, hii ni kule chini kwenye majimbi."

Nilisimama mlangoni. "Ndiyo. Umejuaje?"

"Kwa nini nisijue? Si jioni, jua likiwa limeshapita mgongo wa mlima. Na huu mstari wa mwanga ni mfereji." Akahamia nyingine. "Hii ulikaa ngazi ya tatu, pale penye jiwe. Hii zambarau ni maharage yakiwa na maua. Sasa mbona mfereji umekaa kushoto hivi?" Akafikiri. "Ndiyo. Unapinda. Unapindia kwenye mfenesi." Akageuka kunitazama. "Vitu umeviweka palepale vilipo?"

"Kiraka hakihamishwi," nikasema. Miaka yote ile nilikuwa nimedhani hajawahi kuzitazama.

Akanyanyua picha ya majimbi, akatoka nayo nje kwenye manyunyu. Nilipiga kelele. Rangi zile hazikuwa zimepikwa zikashika kama za kiwandani, zilikuwa mabaki yaliyokorogwa na unga wa muhogo. Zilihitaji kivuli. Yeye alikuwa ameshateremka kwenye tope mpaka magotini, ameichomeka picha kwa vijiti viwili, amerudi nyuma, anapima kwa macho kilele cha mlima kilichomo pichani na kile cha kweli.

"Isogee juu kidogo," akasema. "Nisaidie."

Lori la Mama Hilda lilikuwa lije keshokutwa.

Vijana, hapa ndipo ninapotaka kusema kweli. Sikumsaidia mara moja. Nilisimama pale mlangoni nikiwa na picha kumi na moja nyuma yangu na nikazihesabu. Niliwaza kuzinakili, lakini rangi hazikutosha na muda haukuwepo. Niliwaza kumwambia tungoje maonyesho yaishe, lakini watu wangezinunua na zingeondoka, hilo ndilo lilikuwa lengo. Paulina hakuniomba. Aliendelea kusogeza vijiti. Nadhani angeniomba ningebishana naye. Nikachukua picha ya ngazi ya tatu nikashuka nayo.

Tulizisimamisha zote, kumi na mbili, kila moja mahali nilipokuwa nimekaa kuichora. Kutoka hapo ilikuwa rahisi: kama jiwe liko hapa na mfereji unapinda pale, basi mdalasini ulikuwa hapa. Paulina alichomeka vigingi. Dada zake walikuja, wakabishana kidogo kuhusu mpaka, wakatazama picha, wakakubaliana na kiraka cha njano kilichokuwa mgomba wa marehemu shangazi yao. Mzee Benedikto naye alikuja, akatembea kutoka picha moja hadi nyingine, mikono nyuma, kama watu wanavyofanya kwenye maonyesho.

"Kumbe haya mavitu ni shamba," akasema. "Ungesema tangu mwanzo."

Lori lilikuja. Nilimwonyesha dereva mteremko, nikampa mkungu wa ndizi na barua ya samahani. Picha zilikaa nje wiki sita, mpaka ngazi ya mwisho ilipokatwa. Jua na mvua zikazila. Mwishoni zilikuwa turubai za rangi ya chai, na Paulina alizitumia kufunika miche.

Mama Hilda alijibu kwa mstari mmoja: "Nimekuelewa, lakini kwa sasa sina la kukuambia." Alikuwa na haki. Kadi zilikuwa na jina langu, na watu walikuja kutazama kuta tupu. Alikaa kimya miaka miwili, nami nikarudi kwenye kuku wa kukaanga. Alipokuja tena hakutanguliza barua. Paulina alimtembeza ngazi zote saba, akamwonyesha mdalasini mchanga uliomfika kifuani. Jioni Mama Hilda aliniuliza, "Una ngapi?" Mengine yaliyofuata mliyataja wenyewe kwenye hotuba, na mliyapamba kuliko nilivyoyaona.

Kuhusu kustaafu. Mnasema nimeacha kwa sababu ya mkono kutetemeka, na ni kweli, lakini macho yalitangulia. Miaka ya mwisho mliziita picha zangu "kipindi cha udongo." Mwandishi mmoja alisema nimefikia utulivu wa uzee. Nami nilikubali, maana ilisikika vizuri. Mwaka jana Koleta alinipeleka kutolewa mtoto wa jicho. Bandeji ilipofunguliwa kitu cha kwanza kuona kilikuwa shuka ya hospitali, na ilikuwa ya buluu kiasi kwamba nilimwuliza nesi kama wameipaka rangi. Nilirudi nyumbani nikazitazama picha za kipindi cha udongo. Zilikuwa za tope. Nilikuwa nimedhani nachora asubuhi. Msiwaambie walionunua.

Paulina aliniongoza bustanini kwa mkono, ingawa nilikuwa naona kuliko yeye. Maharage yalikuwa na maua. Nilikuwa nimesahau kwamba zambarau ile ina weupe katikati, na kwamba kivuli cha mgomba si cheusi bali ni cha buluu, na kwamba mambo hayo yote yalikuwa yanaendelea muda wote huo bila mimi. Nilikaa ngazi ya tatu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa sijakaa pale bila kufumba macho ili nipate kitu cha kuondoka nacho. Siku hiyo sikufumba. Nilitazama tu, jua likapanda, na nikagundua kwamba mashavu yangu yamelowa.

"Ni ile dawa ya matone," nikasema.

"Najua," akasema Paulina. Akaniwekea kijembe mapajani. "Basi kama macho yamepona, yaone na magugu."

Nikainama nikaanza.